Masale Chini ya Mparachichi

Kiwanja chetu cha Usa River kina kipande ambacho jua hukifikia kwa kuvizia. Mparachichi uliopandwa na mwenye kiwanja wa kwanza umetanda hadi juu ya paa, nyumba ya ghorofa ya jirani inakinga mwanga wa asubuhi, na ukuta wetu wenyewe unakinga wa jioni. Ukoka ulikataa kuota pale. Mawaridi yalirefuka yakitafuta mwanga, yakaishia kuwa fito zisizo na ua. Waliokuja kutusaidia bustani walitoa ushauri mmoja: mwageni zege, muegeshe gari. Mume wangu alikaribia kukubali.

Mimi nilipinga, na sababu yangu haikuwa ya kitaalamu. Nilizaliwa Marangu, Kilimanjaro, ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, na kihamba ni kivuli kuanzia mlangoni hadi mpakani. Juu kabisa kuna miringaringa na mifuruanje. Chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa magimbi na majani ya ng'ombe. Kahawa ilipoletwa na wamisionari wa Kilema mwaka 1898 haikuhitaji shamba jipya. Ni mti wa chini ya msitu, ikajipenyeza katika kivuli kilichokuwepo. Mfumo huo wa kilimo ndio ambao Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mwaka 2011 kuwa urithi wa dunia wa kilimo, kwa kuchagua vihamba vya Shimbwe Juu. Katika utoto wangu wote sikusikia mtu mzima akilalamika kwamba mahali fulani pana kivuli mno. Walilalamikia nyani, walilalamikia bei ya kahawa, walilalamikia maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, yaliyogeuzwa usiku. Kivuli kilikuwa mali.

Na mpakani, kuzunguka kihamba chote, yalisimama masale.

Msomaji asiyetoka Kilimanjaro huenda ameuona mmea huu mara nyingi bila kuujua kwa jina hilo. Una shina moja au mashina machache yaliyonyooka, yasiyo na miiba, na majani marefu ya kijani kibichi yanayoinama kama ya muhindi. Hayapukutiki kiangazi wala masika. Ukiachwa msituni hupanda hata mita 15, lakini ukikatwa kichwa kila mara hubaki kichaka kinene cha kimo cha mtu, na ndivyo wazee walivyoufanya ua. Mara chache hutoa maua, shada refu la vijiua vyeupe vyenye michirizi ya zambarau hafifu, ambavyo hufunguka usiku na kutoa harufu kali inayoingia hadi chumbani. Bibi yangu alikuwa akifungua dirisha siku hizo makusudi. Wataalamu wanauita Dracaena fragrans. Linnaeus wa Sweden aliuingiza katika vitabu vyake mwaka 1762, akiuweka katika kundi lingine la mimea, na hata yeye aliupa jina la harufu yake.

Nikaenda basi kwenye vitalu vya kando ya barabara, nikitafuta kitu kifupi cha kuanzia, kisichozidi kiuno, kinachoweza kukaa kwenye kona iliyo karibu kabisa na mlango. Kijana wa kitaluni alinitolea kiriba chenye mmea mdogo uliobanana, majani yake mafupi ya kijani kinachokaribia weusi yakiwa yamepangana kuzunguka shina.

"Hii ni drasena kompakta, mama. Ya kivulini, hata sebuleni inakaa. Imetoka nje hii."

Niliishika muda mrefu. Jani lilikuwa fupi kuliko nililolizoea, lakini mkunjo wake pale linaposhikana na shina ulikuwa ni uleule. Nilinunua miche kadhaa bila kupunguziwa bei, nikarudi nyumbani kutafuta ilikotoka.

Ilikotoka, kwa maana ya jina lake la zamani, ni Tanga. Enzi za ukoloni wa Kijerumani palikuwa na shamba la kahawa mahali paitwapo Derema, katika milima ya Usambara Mashariki, jirani na Amani ambako Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Adolf Engler, mkurugenzi wa bustani ya mimea ya Berlin, alieleza aina ya mmea huu akaipa jina la Derema, Dracaena deremensis. Baadaye wataalamu waliichunguza upya wakaona haitofautiani vya kutosha na ile ya Linnaeus, wakaziunganisha. Lakini biashara ya maua ilikwisha kulizoea jina la Derema, na katika kundi hilohilo ndimo ilimo kompakta niliyouziwa. Kwa hiyo kitu nilichoambiwa kimetoka nje ni ndugu wa damu wa ua wa bibi yangu, na jina lake la kibiashara ni la mahali palipo ndani ya mipaka ya nchi hii. Leo Costa Rica inalima mimea hii kwa wingi na kuisafirisha Marekani na Ulaya. Si mmea huu peke yake. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, alikuta kwenye mawe yenye kivuli kijiua cha buluu, akatuma mbegu kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata kikapewa jina la familia yao. Kijiua hicho sasa kiko kwenye madirisha ya Ulaya na Amerika kote, na watu wengi wa Muheza, hukohuko Tanga, hawajapata kukiona kikiuzwa.

Sisemi haya kwa uchungu wa kuibiwa. Mmea unaosafiri haupungui ulikotoka. Kinachoniuma ni kwamba tunaufahamu kwa njia ya mzunguko, tukiununua kama mgeni huku tukiung'oa mpakani.

Nirudi kwenye kupanda, maana huko ndiko nilikojifunza zaidi. Nilifundisha baiolojia sekondari karibu maisha yangu yote ya kazi, na bado mmea huu ulinipa darasa. Jambo la kwanza ni kwamba mmea wa kivulini hutumia kidogo. Mwanga ni mdogo, hivyo chakula unachojitengenezea ni kidogo, hivyo unakua polepole na kunywa polepole. Ukiumwagilia kila jioni kama mchicha, maji yanabaki pale chini, hewa inakosekana, mizizi inaoza, na majani ya chini yanageuka manjano na kulegea. Aliyezoea mboga ataona manjano hayo akadhani ni kiu, aongeze maji. Udongo wetu ni mweusi na masika hushika maji, kwa hiyo tuliinua tuta, tukachanganya mchanga wa mtoni na mboji ya majani ya mparachichi wenyewe, na kanuni ikawa kuchomeka kidole. Udongo ukiwa mkavu hadi kifundo cha pili, mwagilia. Ukiwa na unyevu, ondoka.

Jua kali la mchana nalo huuchoma, na kovu lake halifutiki, ni doa jeupe linalokauka katikati ya jani. Mparachichi unapopukutisha majani yake ya zamani kabla ya mengine kujaa, jua hupenya kwa majuma machache, na huo ndio wakati wa kutundika turubai au kuvumilia madoa. Wadudu si wengi. Kiangazi huja utitiri mwekundu, na vidungata vyeupe hujificha kwenye mikunjo ya majani. Kitambaa chenye maji ya sabuni kinatosha, mradi ufanye kwa mkono wako, jani kwa jani. Kwa wenye mbwa na paka: majani haya yakitafunwa huwatapisha, kwa hiyo mtoto wa mbwa anayeota meno asiachwe karibu nayo.

Kisha zikaja ncha za kahawia.

Zilianza kwenye majani ya zamani, ncha kabisa, pamekauka, na kati ya pakavu na pabichi palikuwa na ukingo mwembamba wa njano. Zikapanda hadi majani ya katikati. Maji hayakuwa mengi wala machache, kivuli kilikuwa sawa, wadudu hawakuwepo. Niliuangalia mmea ule kwa siku nyingi kabla sijakumbuka nilikokwisha kuona rangi ile ya kahawia: kwenye meno ya wanafunzi wangu.

Wakazi wa Usa River na Maji ya Chai wanajua ninachokisema. Miamba ya volkano ya Meru ina madini ya floridi, na maji yanayopita humo, ya chemchemi na ya visima, huyabeba. Mtoto anayekua akinywa maji hayo meno yake huota yakiwa na mabaka ya kahawia, na maji yakiwa na floridi nyingi zaidi hata mifupa hupinda. Nimefundisha wasichana waliokuwa wakicheka huku wameziba mdomo kwa kiganja. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa sehemu nyingi hakukuwa na maji mengine, kabla ya kushuka hadi kiwango hichohicho cha 1.5. Hapa jirani, Ngurdoto, kuna kituo cha serikali cha utafiti ambacho kazi yake ni hiyo hasa, kuondoa floridi kwenye maji, na njia mojawapo waliyoifanyia kazi ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Jamii ya drasena ni miongoni mwa mimea inayoumizwa upesi na floridi, na kompakta ni miongoni mwa zinazoumia upesi zaidi. Maji hupanda kutoka mizizini hadi ncha ya jani, hapo yanapotea hewani, na floridi iliyokuja nayo inabaki. Siku hadi siku inajilimbikiza palepale hadi seli zinakufa. Mmea hauna pa kuitupa. Mmea wa kasi ungetoa majani mapya na kuangusha ya zamani. Wa kivulini huishi na jani moja miaka, kwa hiyo kila ulichoupa unabaki nacho na unakionyesha.

Tulihamia maji ya mvua. Mabati yote ya nyumba sasa yanamimina kwenye tenki, na tenki hilo ni la drasena na la kunywa, kwa mpangilio ulio kinyume: kwanza la kunywa. Mbolea za fosfeti tuliziacha, kwani nyingi hutengenezwa kutoka kwenye mawe yenye floridi. Samadi iliyooza vizuri inatosha kwa mmea usio na haraka. Nilinyunyiza na chokaa kidogo ya kilimo, maana udongo usio na uchachu huizuia floridi isiingie mizizini kwa urahisi. Ncha zilizokwisha kukauka hazikurudi. Nilizikata kwa mkasi kufuata umbo la jani. Majani mapya yalitoka mazima hadi mwisho.

Wajukuu wangu wananywa kutoka tenki lilelile. Nataka niseme wazi kwamba tulijua habari za floridi zamani, kama kila mtu hapa anavyojua, na tulikuwa tukichota maji ya kunywa kwa madumu kutoka kwa watu wenye bomba la mlimani, siku nyingine tukichoka. Mmea wa kivulini ulioungua ncha ndio uliofanya jambo hilo lisiahirishwe tena. Yeyote anayeishi kwenye ukanda huu na ana drasena mlangoni anaweza kuutazama. Hauwezi kuchukua nafasi ya maabara, na ncha kavu zina sababu nyingine pia, lakini ukiziona basi peleka maji yako yapimwe.

Wauzaji wengi watakwambia kwamba mmea huu unasafisha hewa ya nyumba. Habari hiyo inatokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989, ambapo mimea ikiwemo drasena iliwekwa ndani ya visanduku vilivyofungwa na kemikali kadhaa zikapungua. Nyumba si kisanduku kilichofungwa. Watafiti waliopitia kazi za namna hiyo na kutoa majibu yao mwaka 2019 walionyesha kwamba ili mimea ishindane na hewa inayopita dirishani ingebidi kuweka makumi hadi mamia ya miche kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Nunua drasena kwa uzuri wake na kwa uwezo wake wa kuishi pasipo na jua. Hewa, fungua dirisha.

Kompakta zilipotulia kwenye tuta la mlangoni, nilitamani mpaka. Upande ule wenye kivuli, kati yetu na jirani wa ghorofa, palikuwa na seng'enge iliyolala, na pande zote mbili zilikuwa zimeanza kuzungumzia ukuta wa tofali. Likizo ya Desemba tulipopanda Marangu kama kawaida ya watu wa kwetu, nilimwomba baba mdogo ruhusa ya kukata masale.

Hayakatwi hivihivi. Alinipeleka yeye mwenyewe kwenye mpaka, si ule wa karibu na nyumba walipozikwa wazee, maana masale yale hayaguswi, bali wa chini kuelekea mfongo. Alipokuwa akikata alinisimulia habari niliyoijua nusu nusu. Yeye na mwenye kihamba cha pili walikuwa wamekosana kwa muda mrefu kwa sababu ya zamu ya maji. Hawakusalimiana, hata msibani walikaa mbali mbali. Kisha asubuhi moja mzee mmoja wa ukoo ule alifika, ameshika jani la isale, ndiyo masale likiwa moja, lililofungwa fundo, akaliweka mbele yake.

"Sikuwa na ukali tena wa kuuonyesha," baba mdogo alisema. "Isale likishaletwa, ukikataa, kosa linahamia kwako."

Ndivyo ilivyo kwa Wachagga, na ndiyo maana mmea huu si ua wa mapambo tu. Aliyekosa hulileta, au humtuma mtu mzima alilete, na kulipokea ni kukubali kusamehe. Hatujui kumrudisha mtu aliyekuja na isale. Mpaka na msamaha vimewekwa katika mmea mmoja, na nikiufikiria kama mwalimu wa baiolojia naona walichagua kwa kuujua: usiokauka kiangazi, unaoshika mizizi kutoka kipande cha shina, usioweza kung'olewa kwa siri kwa sababu kisiki chake huchipua tena. Kuhamisha masale ya mpaka lilikuwa kosa zito kuliko kuiba mkungu wa ndizi. Sasa vihamba vinagawanywa kwa watoto hadi kila mmoja anabaki na kipande cha kuwekea kitanda, wapimaji wanakuja na bikoni za zege, na ua wa masale unakatwa ili ukuta upite. Sipingi hati. Dada zangu wana haki zao kwa sababu ya karatasi, na mila peke yake isingewapa. Ninachoomba ni bikoni na masale visimame pamoja, kwa sababu bikoni haiwezi kubebwa na mzee asubuhi kwenda kwa jirani.

Mashina yale tuliyabeba kwenye gunia. Kuyapanda ni kazi nyepesi mno: vipande vya shubiri moja na nusu, viachwe kivulini siku mbili jeraha likauke, kisha vichomekwe theluthi moja ardhini, upande wa chini ukiwa chini kama ulivyokuwa, jambo la kutia alama kabla hujakata kwa sababu shina tupu halikuonyeshi kichwa chake. Udongo uwe na unyevu tu. Kwa juma la kwanza na la pili hakuna kinachotokea. Baadaye jicho linavimba chini ya gamba, na ukiona ncha ya kijani usivute kuangalia mizizi, ipo.

Jirani alitukuta tukichomeka. Ni mtu wa Mbeya, hakulelewa na masale. Nilimweleza ni nini, na kwamba kwetu ukishayapanda mpakani hakuna upande unaoyamiliki. Alisikiliza akiwa ameegemea seng'enge, akauliza yanachukua muda gani kuwa ua. Nilimwambia ukweli: miaka, na si miwili. Akauliza bei ya tofali iko wapi siku hizi, tukaijadili kidogo. Jumamosi iliyofuata alikuja na jembe upande wake.

Tulikubaliana yeye akate vichwa vya upande wake na sisi vya kwetu, mara moja kwa mwaka kabla ya masika, kwa kimo cha kifua, ili mashina yatoe matawi chini na ua ufumbe. Vilivyokatwa havitupwi, vinachomekwa kwenye mapengo. Seng'enge itabaki hadi ua utakapozuia mbuzi. Miche iliyo karibu na mparachichi imechelewa kuliko mingine, mizizi ya mti huwahi maji kabla yake, kwa hiyo hiyo ndiyo tunayoimwagilia kwanza, kutoka kwenye tenki, na jirani ameagiza la kwake.